Njia Iliyofunikwa na Maji

Mpendwa Baba Nyambura,

Nimevunja ahadi uliyoniwekesha kule kisiwani, na ni haki yako kujua sababu.

Juzi Nyambura alikuja hapa Theta kutoka Membley, akanionyesha picha kwenye simu. Amekodi nyumba kwa likizo: ile ile ya Bi Mwanaidi. "Mum, unakuja na sisi," akasema. "Tutashinda ufukweni na watoto, halafu turudi na ile njia ya Baba." Nikakaa.

Unakumbuka tulivyoipata nyumba hiyo. Tulishuka na mizigo bila kujua tutalala wapi, nawe ukakataa kila chumba: hiki kina joto, kile kiko karibu na baa. Mwishowe tukafika kwa Bi Mwanaidi, ng'ambo ya jabali, ambako hapakuwa na mtu wala sauti ila minazi. Akatuambia, "Njia ni hii ya mchangani, chini ya jabali. Maji yakijaa, njia hamna. Ngojeni yatoke."

Tulipokwisha kumpa kisogo ukacheka. "Hakuna wingu hata moja, Mwalimu. Hayo maji yatatoka wapi?"

Sisi tumezoea mto. Mvua ikinyesha kule juu, Chania inavimba. Wakati wa kiangazi unavuka kwa kukanyaga mawe. Bahari haingoji mvua. Mwezi huivuta, ikajaa na kupwa mara mbili kwa siku, hata jua likiwaka. Niliwafundisha watoto wa watu jambo hilo miaka yote, kwa chaki. Nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na furaha, na siku ile sikutaka kuwa mwalimu.

Alasiri tulipokuwa tukirudi kutoka ufukweni, mchanga haukuwepo. Nikasema tungoje.

"Haiya! Tungoje nini, na nyumba ni ile pale?"

Ukanishika mkono tukaingia. Magotini, kiunoni, kifuani. Wimbi likagonga jabali, likarudi na miguu yako, ukazama. Ulipoibuka ulikuwa unamwita mama yako. Nilikushika shati kwa mkono mmoja na jabali kwa mwingine, maji yakinifika shingoni, nikawaza Nyambura atalelewa na nani. Mume wa Bi Mwanaidi akatutupia kamba. Ulilia pale mchangani, Baba Nyambura, kisha ukasema, "Watoto wasijue."

Nikakubali. Kila Krismasi ukaifanya kichekesho: mama yenu na viatu kichwani, akipiga kelele kama kuku aliyenyeshewa. Nami nikacheka pamoja nanyi. Ndivyo tulivyowafundisha watoto wetu kwamba njia ile ni mchezo.

Jana alirudi na watoto, nikamwambia ukweli. Alianza kucheka mapema, akisubiri viatu.

"Hakukuwa na viatu," nikasema. "Baba yako alizama."

"Mum, wacha hizo."

"Alikuwa anamwita cucu yako, mama yake."

Akaacha kucheka. Akauliza maji yalinifika wapi. Nikaweka kidole shingoni. Akamtazama binti yake mdogo, ambaye bado hafiki kiunoni mwangu, akamvuta karibu. Baadaye akauliza, taratibu, "Alilia?"

"Alilia."

Akachukua funguo za gari, akaondoka bila kunywa chai.

Safari ingalipo. Asubuhi amenitumia ujumbe mmoja tu: nitamwonyesha saa za maji? Nitamwonyesha. Nitakwenda nao, ingawa tangu jana hata bomba likijaza ndoo hapa uani nalifunga kabla haijajaa. Naiogopa bahari. Naogopa zaidi kwamba nimempokonya mtoto baba asiyeogopa kitu, na wewe hupo kujitetea.

Ukikasirika, nikasirikie mimi. Maji yakijaa tutakaa chini upande huu wa jabali, watoto walie njaa, Nyambura aninunie, na sitamruhusu mtu kulowesha hata kidole. Afadhali wakujue ulivyoogopa, mradi warudi nyumbani wote.

Lala pema, mume wangu.

Mkeo,
Mama Nyambura