Ugoro wa Juzi

Wijdan, acha unachofanya usome hii. Baba leo kaumbuka, na mimi nimesimama pale pale.

Si unajua kaomba ile ruzuku ya mizinga ya nyuki, ya wakulima wanaoacha tumbaku? Leo afisa wa mradi kaja Maramba kukagua shamba, kafuatana na mama yake, anampeleka kliniki.

Baba, uso mkavu: "Tumbaku? Hata harufu yake nimeisahau."

Yule bibi akachungulia dirishani mwa gari. "Abrahamu, ule ugoro ulioniuzia juzi una mchanga."

Juzi, Wijdan. Kasema juzi.

Nikajua mizinga ndiyo imekwenda. Kumbe afisa hana habari naye, kamgeukia mama yake: "Mama, si uliniapia umeacha tangu Kwaresima?"

Bibi na baba wote wameinamisha vichwa kama watoto wa shule.

Afisa kacheka mpaka kashika mlango wa gari. Kasema mizinga baba atapata, ila ang'oe tumbaku yote mbele ya macho yake. Baba kang'oa mche mmoja mmoja, jasho linamtiririka.

Wakati wa kuagana bibi kamvuta baba pembeni, kamuuliza taratibu: "Na hiyo asali, inanuswa?"