Namba kwenye Kadi ya Rehema

Mjukuu wangu Anna,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku kijijini kwetu Ulaya, Kilosa, hatujambo. Bibi yako sasa anatembea bila fimbo, na mjomba wako amehamia Mikumi.

Unauliza umfuate nani: mchungaji wako anayelinganisha Ufunuo na habari za redio, au mwalimu wako anayesema maneno yale waliandikiwa Wakristo walioteswa zamani. Swali lako limenitia hofu.

Nikiwa kijana niliongoza kikundi cha Biblia, nikiwa na uhakika kama huyo mchungaji. Jirani yetu, Mama Rehema, alinionyesha kadi ya kliniki ya mwanawe mchanga.

"Mwalimu, namba hii ndiyo chapa ya mnyama?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Usimpeleke tena."

Akanitii, na Rehema akakosa chanjo. Surua ilipoingia kijijini nilimkuta mtoto amelegea, macho hayafunguki. Mama yake akaninong'oneza, "Nimekuwa mwaminifu, sivyo?"

Niliwapakia wote wawili kwenye baiskeli, nikanyonga hadi hospitali ya Kilosa.

Rehema alipona, ila sikio moja halisikii. Mimi sasa naelekea upande wa mwalimu wako, lakini yeyote utakayemsikiliza, mwulize kwanza kama amewahi kukosea.

Pale hospitalini nilimwambia Mama Rehema kwamba nilikosea. Akanitazama sana.

"Na yale mengine uliyotufundisha?"

Hadi leo, nikisimama kusoma mbele ya watu, naogopa watakavyoniamini.

Babu yako akuombeaye,
Yohana