Kamba ya Upande wa Upepo

Kwako dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko zote nilizowahi kukutumia tangu nijue kushika kalamu. Goti linaendeleaje? Na wenzako wa chumba cha kufulia hospitalini, bado wanakuachia mashuka mazito peke yako? Mimi mzima wa afya, ila midomo imepasuka kwa baridi ya mlimani.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Dada, kwenye simu ulimi wangu hauna breki. Kwenye karatasi, mtu niliyeishia darasa la sita, kila neno nalitolea jasho, kwa hiyo uongo unanichosha upesi.

Nasikia tangu nilipokupigia Jumapili umemwambia fundi saa wako kwamba habari ya ndoa iishie hapo. Nilikwambia yule bwana hajui kufunga hema, na asiyeweza kulinda hema hawezi kulinda nyumba. Maneno matamu, hata mimi mwenyewe niliyapenda. Sasa soma yaliyobaki, tena polepole.

Wewe ndiye uliyetutuma mlimani, mimi, yeye na binti yako, ili nimwangalie mtu wako kwa jicho la kaka. Tulipanda tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Kambi iko juu mpaka mawingu yanapita chini ya miguu. Moja nililikanyaga, laini kama godoro jipya. Na upepo wake! Nilimimina chai ikaenda kunywewa na jiwe. Mlinzi wa kambi alituonya kwamba upepo wa pale hugeuka kila alasiri, hivyo hema lifungwe sawasawa pande zote. Nikamjibu kwamba nimefunga maturubai kwenye malori miaka ishirini na mbili, na kuna lori lilipinduka korongoni, turubai langu likabaki limesimama peke yake barabarani. Akaniuliza lilikuwa linasubiri nini. Akaenda zake akicheka.

Basi nikafunga hema langu kama ninavyofunga mzigo, kamba zote nene mbele, maana lori siku zote linakwenda mbele na upepo unalikuta usoni. Fundi saa alihangaika saa nzima. Alipiga vigingi kwa kuvilaza, akavikandamiza kwa mawe, kisha akagusa kamba moja moja kwa kidole huku ameinamisha kichwa, kama anasikiliza moyo wa saa. Nikamtania kwamba hema halina mishale, halitachelewa. Akasema ni kweli, shemeji, na akaendelea kugusa. Shemeji! Nani kampa ushemeji?

Alasiri upepo ukageuka. Hema langu likaruka kama kuku aliyefukuzwa jikoni, nami nikalikimbiza kwa soksi mpaka kwenye miiba. La kwake lilitikisika tu. Binti yako alicheka hadi akakaa chini, akasema ama kweli debe tupu ndilo linalovuma, Mjomba. Utani wa mpwa nauvumilia, nimembeba mgongoni tangu baba yake alipotutoka. Kilichonichoma ni kwamba alikuwa amevaa sweta la fundi saa, mikono imekunjwa mara tatu. Na alipotaka kujua jina la kilele cha ng'ambo, alimuuliza yeye. Miaka tisa huyu mtoto ananiuliza mimi, nami sijawahi kumnyima jibu, hata la kitu nisichokijua. Fundi saa akasema hajui. Basi! Hajui, na mtoto akaridhika! Roho iliniuma, dada. Tulilala wote watatu kwenye hema lake, nami nikashukuru kwa meno yaliyobana.

Hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito.

Kesho yake baada ya chakula, wao wawili walishuka kuchota maji. Nikabaki peke yangu nikilitazama lile hema lilivyosimama, nikaona linanidharau. Nikafungua kamba ya upande ambao upepo ungetokea alasiri. Nilitaka liruke kidogo tu, tuwe sawa. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya kibanda cha mlinzi ili nisiwepo litakaporuka.

Sikujua kwamba mtoto alishikwa na maumivu ya kichwa njiani kwa sababu ya ule mwinuko, akarudi peke yake, akaingia hemani kujilaza.

Upepo ulipogeuka nilisikia akiita. Hakumwita fundi saa. Aliniita mimi, dada. Mjomba, Mjomba, mara nne. Nilichungulia nikaona hema linaburutwa na mtoto ndani yake, linaelekea kwenye mteremko, na miguu yangu ikakataa. Yule bwana alikuwa ndiyo kwanza anatokea na maji. Alitupa ndoo, akakimbia, akalilalia hema kwa mwili wake wote, viwiko vikachunika hadi wakasimama hatua chache kutoka ukingoni.

Mtoto alitoka mzima. Fundi saa akaiokota kamba. Kamba iliyokatika huwa na nyuzi zilizochanika. Ile ilikuwa imefunguliwa fundo kwa mkono wa mtu anayejua mafundo. Akaitazama, akanitazama mimi. Kisha akamwambia mtoto kwamba upepo wa huku una mikono mirefu, akaanza kufunga upya.

Najua hajakwambia, maana ungekuwa umeshafika mlangoni kwangu. Umemkataa, na bado amenyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako, dada, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni.

Kwa hiyo neno langu la Jumapili nimelifuta. Mwite, msikilize, uamue kwa moyo wako, usiweke jicho langu katikati. Nakuomba kitu kimoja, mtoto usimwambie. Nitakuja Jumamosi nimwambie mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele yake, na akitaka kunifukuza anifukuze.

Wasalimie wenzako wa kazini, na fundi saa msalimie kwa jina la shemeji.

Ni mimi mdogo wako,
niliyeitwa mara nne.