Muhogo mu Shimo ya Kupima

Butembo

Mama yangu,

Hapana kukasirika. Nimekawia kuandika mpaka naogopa hata kuanza. Paluku anaota meno, usiku analia, asubuhi naenda naye ku kazi, ku mugongo. Magoti yako inaendelea aje? Na baba, kikohozi ilipungua? Sisi tuko wazima, na leo niko na furaha.

Unajua ile bonde nyuma ya nyumba, fasi mvua ikinyesha maji ya vyoo inaingia mpaka mu jikoni. Banataka kuchimba pale bassin kubwa: maji ya mvua na maji chafu ikae humo, isafishwe, mbele ya kuingia mu muto. Mais kwanza sisi ba kazi tupime udongo. Tunachimba shimo, tunajaza maji, tunasimamisha fimbo yenye alama, tunangojea kesho yake. Maji ikishuka sana, udongo inakunywa, uchafu utafika ku chemchem. Ikipanda, maji ya chini inaingia. Yote mbili ni mbaya, na ingénieur alishatuambia: shimo ya mwisho ikikataa, kazi inahamia Beni. Mimi na mutoto huyu, Beni nitafuata nani? Ningerudi kwako, na bonde ingebaki vile.

Asubuhi tunafika ku shimo ya mwisho, maji imepita alama. Imepanda. Ingénieur, mutu wa Kisangani, akavua kofia. Mimi nikainama kuangalia fimbo, nikasikia harufu. Nikatia mukono: muhogo. Muhogo yenye imemenywa, imepangwa vizuri mpaka chini, kumbe hiyo ilipandisha maji.

Mama Katungu, mwenye nyumba tunapanga, akashuka mbio.

"Acha muhogo yangu, nimeilowesha, haijalegea."

"Mama, hii ni shimo ya kazi," ingénieur akamwambia.

"Kazi gani? Munajaza maji, munaenda kulala. Mimi nikasema, kumbe banatufikiria."

"Ku Kisangani hakuna mutu anaweza kufanya hivi."

"Njo maana ulifika hapa umekonda vile."

Batu ba kazi bakacheka, ingénieur naye. Mimi sikucheka. Ni mwenye nyumba, ndiyo, mais nikamwambia: "Mama, muhogo inatoka yote, na maji ya kujaza tena tutabeba mimi na wewe." Akaniangalia. Kisha akamutoa Paluku ku mugongo yangu, akamufunga ku yake, akakamata bidon ya maji. Jioni akafunika shimo na miba, akakataza hata kuku kukaribia.

Kesho yake maji ilishuka kidogo tu, upana wa kidole haikufika. Ingénieur akapima tena, akasema: "Inashika. Tunachimba hapa."

"Ungeniuliza," Mama Katungu akamujibu. "Muhogo yangu ililala humo bila shida."

Donc kazi iko, Mama, mpaka bassin iishe. Ile kitanda uliniwekea, umupatie mudogo wangu Kahindo, alale vizuri. Salimia baba, na yaya, mukubwa wangu anayekausha samaki, na nyanya anayesema nimemusahau, hapana, simusahau.

Bado nahitaji: kikwembe moja ya nguvu ya kubeba mutoto, ile ya zamani ilipasuka; buti za baba zenye hazimuenei tena; samaki kavu ya kututosha; na moja kubwa kupita zote, ya Mama Katungu, ale nayo ile muhogo tulimutolea kabla ya saa.

Ni mimi, Masika yako.