Bei ya Marinda Manane

Kitui
4 Desemba 1976

Kwa dada yangu Nthenya,

Nakusalimu wewe, shemeji Kiema na watoto, na hata gari moshi la hapo Emali linalowanyima usingizi, maana sasa limekuwa kama mtu wa nyumbani. Natumaini kifua cha shemeji kimepoa na mvua imewafikia. Sisi huku tumenyeshewa, mbaazi zimesimama, na mimi ni mzima isipokuwa mgongo. Mgongo ni wa kazi, kwa hivyo siuhesabu kuwa ugonjwa.

Barua yako niliipata. Unasema mwaka unakwisha na shemeji atakuja kabla ya Krismasi kuchukua cherehani ya mama yetu, marehemu mwaitu, kama tulivyoagana siku ya kugawana vyombo vyake: ni yetu sisi wawili, mimi nikae nayo mwaka mmoja, na isiponilisha ije kwako. Ni kweli, tuliagana hivyo. Nakuomba tu usome barua hii mpaka mwisho kabla hujampa shemeji nauli, kwa sababu nauli ikishatolewa haina adabu ya kurudi.

Miezi sita ya kwanza cherehani haikunilisha. Nilikuandikia kwamba wateja ni wengi, na huo haukuwa uongo, walikuwa wengi kama siafu. Unajua ninakaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Bi Shufaa, yule mjane ambaye babu yake alitoka pwani akaja Kitui na mzigo wa shanga. Basi kila mwanamke wa kanisa letu aliyepita pale aliniita dada katika Bwana, na dada katika Bwana huwezi kumtoza pesa. Mzee Ndolo, mzee wa kanisa, aliniletea mashati matano nimgeuzie kola. Hiyo ni kazi ya kufumua kola iliyochakaa, kugeuza upande mzima uje juu na kuishona tena. Alilipa kwa maombi. Aliomba vizuri sana, hata mimi nililia, lakini jioni nilikunywa uji bila sukari.

Bi Shufaa aliyaona yote haya bila kusema neno. Dada, sijui nikueleze vipi huyo mama. Darasani hakuingia hata siku moja, na sijapata kumsikia akimpa mtu mashauri. Yeye huuliza tu, na ukishaulizwa huwezi kulala. Mimi nilikuwa nikiinamisha kichwa kama ninayetia uzi kwenye sindano, lakini masikio yangu yalikuwa ndani ya duka lake kutwa nzima.

Siku moja adhana ya adhuhuri ikilia aliniuliza naanza kazi gani. Nikasema kola ya Mzee Ndolo. Akaenda kuswali. Adhana ya alasiri ilipolia alitoka tena akanikuta ndiyo nakata uzi wa mwisho. Kesho yake akaniambia nianze blauzi ya kulipwa saa ile ile, nayo nikaimaliza alasiri. Akauliza blauzi ni shilingi ngapi, nikasema saba. Akauliza kola ni ngapi, nikasema aah, kola ni kitu kidogo. Bi Shufaa alicheka mpaka akashika mlango. Akaniuliza, wee mtoto, jua lilitembea mwendo mmoja siku zote mbili, ama siku ya Mzee Ndolo lilikimbia?

Nilikuwa kama mtu aliyefunuliwa maandiko. Tangu siku hiyo mimi, mtoto wa kanisa, napanga bei zangu kwa adhana. Usimwambie mchungaji, ingawa nadhani anajua. Mzee Ndolo alipokuja na shati la sita nilimtajia bei ya kola huku nikiangalia viatu vyake. Alisema kwa bei hiyo afadhali ashone shati jipya. Kabla hajafunga mdomo, Bi Shufaa alikuwa ameshakunjua kitambaa juu ya meza. Mzee aliondoka amepimwa mabega na hajui ilikuwaje.

Halafu kuna Kalunde, mke wa mwenye bucha. Huyo akinunua sindano anataka apunguziwe tundu. Alitaka gauni la marinda manane, nikataja bei, akaanza kulia ati namwua, ati mama yangu alikuwa na roho nzuri, ati nimeharibika tangu nikae na Waswahili. Zamani ningeshuka bei kwa aibu tu. Safari hii Bi Shufaa alisogea akamwambia kwa upole kwamba bei inaweza kupungua, kwa nini isipungue, ila marinda nayo yapungue. Bei ile anayotaka yeye ni ya marinda matatu, na ni gauni zuri, limekaa vizuri hata kwa mke wa mchinjaji wa mbuzi mmoja kwa wiki. Kalunde alituangalia kama tumemvua nguo sokoni. Kisha akasema nani ameomba marinda matatu, akalipa ya manane papo hapo, na alipofika barabarani akarudi kuniambia niweke kumi. Dada, nimesikia mahubiri mengi, lakini sijaona mtu akibadilishwa moyo haraka namna ile.

Lakini jambo lililonitetemesha kabisa ni la kwaya. Akina mama wa kwaya walinunua kitambaa cha magauni thelathini na mawili, wakaniletea nishone kwa baraka. Bi Shufaa aliona lile furushi akaniuliza baraka ndiyo nini. Nikamweleza kwamba ni kama mwethya wetu: leo tunalima kwa fulani, kesho kwa fulani, na hakuna anayelipwa kwa sababu zamu ya kila mtu inafika. Akasema hilo ni jambo zuri sana, watu wa pwani wangejifunza. Kisha akauliza zamu yangu ni lini.

Nilifikiri siku tatu. Zamu yangu haikuwahi kufika, maana nani atakuja kunishonea mimi? Jumapili baada ya ibada nilisimama nikasema kila gauni ni shilingi sita, na asiye na shilingi sita anipe siku moja ya jembe katika shamba la mwaitu. Mbuvi, mwalimu wa kwaya, alisema kumbe dada Kaluki ameokoka upande wa duka. Watu wakacheka. Mwingine akauliza kama na mbinguni nitatoza zile kanzu nyeupe. Nilitaka sakafu inimeze. Ndipo mama mchungaji akasimama, akasema msimu huu amelima kwa wanawake watano waliomo humo ndani, na wote watano wamelima kwake, lakini hajaona hata mmoja akilima kwa Kaluki. Akaketi. Hakuna aliyecheka tena, na Mbuvi akaanza kutafuta ukurasa wa wimbo ambao hakuna aliyemwambia atafute.

Alhamisi, jua halijachomoza, niliwasikia kabla sijawaona. Wanawake thelathini walipanda kile kilima cha mwaitu na majembe begani wakiimba kwa sauti tatu. Wawili tu walilipa pesa, na mmoja alikuwa Kalunde, maana hawezi kuonekana na jembe. Ile mitaro ya kuzuia udongo, ambayo mwaitu alipiga mstari wake kwa vijiti akafa hajaichimba, ilikwisha yote kabla ya saa sita. Mvua ya Novemba ilipokuja nilikwenda kuangalia. Maji yalikuwa yamesimama kwenye mitaro, meupe, yametulia, ngazi baada ya ngazi mpaka chini. Nilisimama pale nikaloa. Nilikuwa nimeambiwa maisha yangu yote kwamba kutaja bei kunafukuza watu.

Sasa nafika mahali ambapo mkono wangu unakataa kuandika.

Shule moja huku imenipa kazi ya sare sitini za Januari. Bi Shufaa aliniuliza kwa nini mafundi wote wanalala Novemba na kulia Januari, basi nikachukua sare moja niliyoshona kwa mfano nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikataja bei bila kuangalia viatu. Alikubali. Nilirudi miguu haigusi chini. Jioni nikahesabu adhana: kwa cherehani ya mkono, sare sitini zingefika Pasaka.

Dada, cherehani ya mwaitu haiko hapa. Wiki tatu zilizopita nilimpa fundi Hemedi wa Mwingi, ambaye macho yake yamechoka na anaacha kazi kubwa, naye akanipa yake ya miguu. Niliongeza na mbuzi wangu wawili. Sikukuuliza. Nilijua ungekataa, na nilijua ukikataa utakuwa na haki, ndiyo maana sikukuuliza.

Nilimwendea Bi Shufaa nikijisifu. Nilidhani atafurahi. Aliniuliza nimelipa ngapi kwa ile nusu ya dada yangu. Nikataja mbuzi, akatikisa kichwa. Nikataja faida ya sare, kwamba nitakutumia, akatikisa kichwa. Akasema nusu ya mtu haina bei mpaka mwenyewe aitaje, na kwamba alifikiri anafundisha fundi, kumbe amefundisha mwizi mwenye hesabu. Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu nilisikia amemtumia Hemedi ujumbe kwamba asiiuze cherehani ile wala asiipeleke popote mpaka neno lako lifike. Hemedi amekubali kungoja hadi Krismasi.

Kwa hivyo mambo ni hivi. Sare thelathini na nne ziko tayari. Ukisema irudi, nitairudisha ya miguu Mwingi, nitaichukua ya mwaitu na kuileta Emali mimi mwenyewe, na mwalimu mkuu nitamwambia kosa ni langu. Ukitaka nusu ya kazi hii, ni yako tangu sare ya kwanza. Ukitaka kitu kingine ambacho sijakifikiria, kitaje. Nimejifunza mwaka huu kutotetemeka ninapotaja bei, lakini hii yako naingoja nikitetemeka. Utakayoitaja, dada, sitakuomba upunguze.

Nisalimie shemeji na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Mama mchungaji anakusalimu. Bi Shufaa pia anakusalimu, na amesema nikuandikie hivyo hata kama umekasirika.

Ni mimi mdogo wako,
Kaluki