Msimu wa Kumleta Mama Yako Kisiwani

Kwa mpwa wangu mpenzi,

Kaa kitako kwanza, maana barua hii haisomwi kwa kusimama. Anayekuandikia ni mtu ambaye kisiwa hiki kizima hakianiki hata leso bila kumuuliza. Hujambo, mwanangu? Watoto hawajambo? Na dada yangu, mama yako, usiku anapata usingizi au bado anakesha ameegemea mito? Mimi ni mzima, nguvu zimenizidi hadi nawagawia wenzangu.

Barua yako imenifikia. Umesema miguu ya mama yako imevimba tena, na akitoka chumbani kwenda uani lazima apumzike njiani. Hata hivyo anang'ang'ania kuja huku, ati kama mimi sina nafasi ya kwenda kumwona, yeye anayo ya kuja, asije akafumba macho hajaniona. Ndipo ukaniuliza ni wakati gani wa mwaka unaofaa kumleta. Hapo umebisha mlango wenyewe. Watu wengine husoma vitabu kujua habari za kisiwa. Hivyo vitabu huja kuniuliza mimi.

Unajua kazi yangu hapa hotelini ni kufua na kuanika mashuka. Mtu asidharau, maana anayeanika ndiye anayeijua mbingu. Mpishi wetu, mnene mwenye ulimi wa wembe, huniita Waziri wa Kamba. Lakini asubuhi yeye huyo huchungulia dirishani akaniuliza, mheshimiwa, leo vipi, itanyesha? Nikisema itanyesha, hunyesha hata kama haikuwa na nia.

Basi sikiliza. Kiangazi bahari hutulia kama maji ya beseni, na shuka hukauka kabla sijabana kibanio cha pili. Wageni hujaa tele. Lakini joto lake! Mwaka juzi kuku wa jirani alitaga yai limekwisha chemka. Kwa pumzi zile za mama yako, tutamweka wapi? Masika kisiwa hunawa uso kikapendeza, ila mashuka hushinda stoo yakinuka ukungu, na kifua cha mgonjwa hakipatani na unyevu. Kipupwe ndicho chenye jua la adabu. Lakini upepo wake ulininyang'anya shuka la kitanda kikubwa. Nikaling'ang'ania, likaninyanyua hadi juu ya paa la jiko. Mpishi ni shahidi, ingawa ukimuuliza atakataa. Na upepo huo ndio unaoirusha boti, nawe umeniandikia kwamba daktari hataki mama yako atikisike. Ikabaki vuli. Vuli haina neno, ila iko mbali, na mwanangu, nilipoirudia barua yako sikuona kama tuna muda wa kuisubiri.

Hapo nikakwama. Nikaenda kwa muuguzi wa zahanati ya hapa, mama wa makamo asiyecheka ovyo, nikampangia misimu yangu yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, huyo dada yako anakuja kuona kisiwa au kukuona wewe? Nikamwambia, mimi. Akasema, basi wakati mzuri ni wiki hii, na wa kupanda boti ni wewe, baba, mgonjwa muache atulie. Nikacheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Mama yako ndiye aliyenibeba mgongoni bibi yako alipotutoka, naye mwenyewe alikuwa mtoto. Kwa hiyo huyu sitamdanganya tena, na kwa kuanzia nakwambia wewe.

Niliwaandikia kwamba bosi hanipi likizo, kwamba nikiomba ruhusa hulia machozi. Si kweli. Hunipa kila mwaka, na kunitakia safari njema. Nafungasha begi, naaga jikoni, nafika gatini. Nikiiona boti inavyoinama na kuinuka, nageuza njia na begi langu. Siku niliyokuja huku nilitapika toka gati hadi gati, mapajani mwa mama mmoja aliyevalia kwenda harusini. Tangu hapo sijakanyaga boti. Likizo naimalizia kwenye chumba cha kupanga upande wa pili wa kisiwa, kisha narudi kazini nikisema nyumbani hawajambo, wanawasalimu. Mpishi husalimiwa na mama yako kila mwaka, na husema ahsante.

Usimlete. Nakuja mimi. Nisalimie watoto, majirani, na dada yangu kuliko wote. Mwambie nakuja, basi, mengine nitamwambia mwenyewe. Lakini wewe vuka uje unichukue, maana peke yangu nitarudia palepale gatini. Beba mfuko wa plastiki. Keti upande wangu, unishike mkono mbele za watu, wala sitaona aibu. Au nitaona, lakini usiuachie.

Ni mimi mjomba wako,
mwoga wa boti.