Mashine ya Marehemu Fundi

Jumamosi, 4 Machi
Nimeipata! Miezi minane ya kuzunguka masoko ya vikorokoro, mashine mbili mbovu, kicheko cha binti yangu — na leo nimeipata. Kompyuta ya aina ileile aliyopigia chapa marehemu mke wangu ofisini, yenye mdomo wa kumeza disketi pana. Ipo kwa mjane wa fundi redio, ghorofa ya tatu.

Disketi ni moja tu. Aliivusha mpaka wa nchi akiwa ameificha kifuani tulipokimbia, miaka thelathini na moja sasa. Humo aliandika habari za utoto wake. Utasoma tukifika, alisema. Tukafika. Mashine haikuwepo. Kisha naye hakuwepo.

Jumatatu, 6 Machi
Muuza vikorokoro tumwitaye Sumaku alinifunza: kitu unachokitaka usikisifu. Kiponde.

Nikakiponda. Mjane aliipangusa mashine kwa upindo wa nguo yake, akasema mumewe aliiwasha kila Ijumaa, hata alipokuwa hawezi kusimama. Nikamwambia: mama, hizi takataka. Marehemu amekuachia jaa. Akauliza, zote? Zote, hata hayo makopo ya vipuri. Akaketi juu ya kreti. Alionekana mfupi ghafla.

Bei aliyotaja haifiki ya viatu vya mitumba. Akaanza, "Ila baba, kabla ya kutia disketi, mume wangu alikuwa..." Nilishalipa, nilishafika ngazini na mashine. Niliogopa asije akaghairi.

Aibu nitaiona kesho.

Jumanne, 7 Machi
Sikuiona. Imewaka! Herufi za kijani. Binti: baba, hiki chumba au karakana? Nikamwambia humu yumo mama yako. Akacheka, kisha akaacha.

Jumatano, 8 Machi
Nimetia disketi.

Ukatokea mstari: "Nyumba yetu ilikuwa na milango miwili, na baba hakuutumia ule wa" — kisha mkwaruzo, kisu juu ya sahani. Nikadhani ndivyo zilivyolia zamani. Nikaacha ikwaruze! Dakika nzima. Nilipoitoa, duara jeupe limechimbika kwenye weusi.

Sumaku kwenye simu alicheka hadi akakohoa. Mzee msomi mzima! Kichwa cha kusomea, kile kinachoigusa disketi ndani ya mashine, huota kuvu. Husafishwa kwanza, kisha hujaribiwa kwa disketi ya kutupa. Pete za ndani za disketi huenda ni nzima, akasema, ila usiziguse bila kichwa kingine. Vichwa hivyo haviuzwi siku hizi. Yule fundi lazima alikuwa navyo kwenye makopo yake.

Alhamisi, 9 Machi
Asubuhi nimempigia mjane. Nimemwita mama, nimemwita dada, nusura nimwite malkia. Makopo ya marehemu, tafadhali.

Kwanza aliuliza kama imewaka. Ndiyo, nikasema. Akashusha pumzi. Kisha: "Niliyatia kwenye mifuko, baba. Yote. Si ulisema takataka?"

Naandika nikiwa mlangoni kwao, chini. Mifuko kumi na saba, myeusi yote, imefungwa kwa mafundo ya mtu mwenye hasira. Nimefungua minne: maganda, nyaya, mashati ya marehemu. Mjane yuko dirishani juu. Nimemsihi aniambie ni upi. Amejibu kwa upole kabisa: "Mimi sijui vitu vya thamani, baba. Mjuzi ni wewe."

Gari la taka limeingia mtaani. Wameanza na nyumba ya kona. Huu wa tano mzito, una vyuma ndani — fundo halifunguki, na vidole hivi —